Jua la saa sita na maji meupe: kupiga picha kwenye maporomoko



Mwezi Oktoba, miaka minne iliyopita, darasa letu la kisomo hapa Bagamoyo lilifikia siku ya kumaliza. Bagamoyo ninayoisema ni kata ya mji wetu wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, siyo ile ya Pwani yenye bahari. Wanakisomo walikuwa 19. Wengi walikuwa akina mama wa makamo, na bibi mmoja aliyewazidi wote umri. Tulizoea kumwita Bibi wa Mbele, kwa sababu tangu siku ya kwanza alikaa dawati la mbele kabisa. Alisema macho yake yamechoka, lakini yeye mwenyewe hajachoka.

Tulikubaliana kwamba baada ya kugawa vyeti twende wote kuyaona maporomoko ya Kaporogwe, kule kusini mwa Tukuyu. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa hawajafika huko hata mara moja. Wageni wa Ulaya wanatoka mbali kuja kuyaona, na sisi majirani tunapita njia yetu ya shamba! Basi tukachanga nauli, tukakodi Noah mbili. Tulifika yapata saa 6 mchana. Jua lilikuwa linawaka, wingu hakuna hata moja. Kila mtu akasema, "Mwalimu, leo picha zitatoka vizuri, jua lipo!" Na mimi nilifikiri hivyo hivyo.

Niliwapanga mbele ya maji, vyeti mkononi. Saa 6 na nusu nikapiga picha 11 kwa simu yangu. Kisha Bibi wa Mbele akaomba apigwe peke yake. Akafunga kilemba chake vizuri, akashika cheti kifuani, akanitazama bila kucheka. Nikapiga picha moja tu. Pale kwenye jua kali sikuweza kuona vizuri kioo cha simu. Nikasema, "Tayari Bibi, imetoka."

Haikutoka. Jioni nilipoangalia nikakuta maji yote ni meupe kama karatasi. Huoni yanapoanguka, huoni mkondo, huoni matone. Na mbele ya weupe huo, uso wa Bibi ulikuwa mweusi tii chini ya kilemba. Macho hayaonekani, mdomo hauonekani. Nikajisemea, siyo neno, nitampiga nyingine siku yoyote.

Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, mvua ikiwa kubwa, Bibi wa Mbele akafariki. Asubuhi na mapema wanawe wawili wakafika kwangu na mwavuli mmoja. "Shikamoo mwalimu. Tunaomba ile picha ya mama akiwa na cheti. Tunataka kuiweka mbele ya jeneza." Tukaipeleka studio mjini. Kijana wa studio akajitahidi kuuongeza mwanga kwenye uso. Ikatoka rangi ya majivu, yenye chenga chenga, huwezi kujua kama ni yeye au mtu mwingine. Mwishoni walitumia picha ndogo ya kitambulisho cha taifa, ikakuzwa. Ndani ya picha ile hana cheti.

Mtoto wake mmoja akaniambia, "Basi mwalimu, siyo kosa lako. Mama alikuwa mweusi sana, kamera haimwoni." Nilinyamaza, kwa kuwa siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndiyo sababu ya makala haya. Rangi ya Bibi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa saa niliyochagua, mahali nilipomsimamisha, na simu ambayo niliiachia iamue yenyewe.

JICHO NA KAMERA HAVIONI SAWASAWA

Hebu fanya jaribio hili nyumbani. Saa 7 mchana, jua likiwaka, simama nje dakika chache. Kisha ingia ghafla jikoni, lile jiko la kuni lenye dirisha dogo. Kwanza huoni kitu. Baada ya muda unaanza kuona mafiga, chungu, na paka amelala pembeni. Jiko halikubadilika. Ni macho yako yaliyobadilika. Mboni imefunguka ili kuingiza mwanga zaidi. Ukitoka nje tena, mboni inajifunga.

Ukisimama mbele ya maporomoko, macho yako yanafanya kazi hiyo wakati wote bila wewe kujua. Ukitazama maji, mboni inajifunga kidogo. Ukimtazama mwenzako aliye kivulini, inafunguka. Akili inaunganisha yote, nawe unadhani umeyaona kwa mara moja. Kamera haina nafasi hiyo. Inafungua mara moja, kwa kipimo kimoja, kwa picha nzima. Kipimo kinachoufaa uso ulio kivulini ni kikubwa mno kwa maji yaliyo juani. Na kinachofaa maji ni kidogo mno kwa uso.

Tofauti yenyewe siyo ndogo. Maji meupe yanayopigwa na jua huweza kutoa mwanga mara 100 na zaidi kuliko jiwe jeusi lililolowa na kukaa kivulini. Na mawe yetu ya Rungwe mengi ni meusi, maana yametoka kwenye volkano. Ukienda mto Kiwira, pale Daraja la Mungu, ambapo jiwe lenyewe limejijenga kama daraja juu ya mto, utakuta shida ni ile ile: jiwe jeusi juu, giza chini yake, na povu jeupe katikati.

Labda utauliza, maji yanapataje weupe huo? Ukiyachota maji ya mto Kala kwenye kikombe, hayana rangi. Lakini mto huo unapoanguka pale Kaporogwe, maji yanavunjika kuwa matone na mapovu yasiyohesabika. Kila tone linaurudisha mwanga wa jua kila upande. Ndiyo maana maji yale yale yanang'aa kama chumvi.

Sasa tuingie ndani ya simu. Nyuma ya lenzi kuna kibao kidogo sana kinachopokea mwanga. Juu ya kibao hicho kuna mamilioni ya vishimo vidogo. Sisi watu wa Tukuyu tunaijua mvua, kwa hiyo nitatumia mfano wa mvua. Fikiri umepanga sufuria nyingi chini ya paa la bati, zote sawa. Mvua ikikoma unapima kila sufuria, unajua wapi bati limemwaga maji mengi na wapi machache. Lakini sufuria zikifurika zote, utapima nini? Zote zimejaa mpaka ukingoni. Maji yaliyozidi yameshamwagika.

Picha yangu ya Kaporogwe ilikuwa hivyo. Vishimo vyote vilivyopokea maji meupe vilifurika. Simu ikaandika "nyeupe, nyeupe, nyeupe". Wapiga picha wetu wa zamani walikuwa wanasema picha imeungua, na neno hilo linafaa mpaka leo. Sehemu iliyoungua haiponi. Uipeleke studio yoyote, kilichomwagika hakirudi.

Upande wa giza ni tofauti kidogo. Sufuria yenye maji kidogo bado unaweza kuipima. Kwa hiyo picha yenye giza kidogo unaweza kuiongezea mwanga baadaye, lakini kwa kiasi. Ukizidisha, zinakuja zile chenga za majivu tulizoziona kwenye uso wa Bibi. Kwa simu, basi, afadhali picha iwe na giza kidogo kuliko kuungua. Ukikutana na mzee aliyefanya kazi ya studio enzi za filamu atakubishia. Yeye alifundishwa kinyume, na kwa filamu yake ya negativu alikuwa sahihi, maana filamu ile ilivumilia mwanga mwingi kuliko giza.

SHIDA HII NI YA ZAMANI

Wala tusidhani ni ujinga wetu peke yetu. Mwaka 1857, Mfaransa mmoja, Gustave Le Gray, alipiga picha ya wimbi kubwa katika mji wa Sète, pwani ya kusini ya Ufaransa. Siku hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Ukipata bahari vizuri, anga linaungua. Ukipata mawingu, bahari inakuwa giza. Le Gray akatumia vioo viwili, kimoja cha anga na kimoja cha bahari, akaviunganisha kwenye karatasi moja. Watu walishangaa.

Simu nyingi za leo zinafanya ujanja huo huo ndani ya tumbo lake. Zinapiga picha kadhaa haraka haraka, nyingine zenye mwanga kidogo, nyingine zenye mwanga zaidi, kisha zinaziunganisha kuwa moja. Kwenye kioo utaona herufi tatu, HDR. Kama zipo, ziwashe unapokuwa kwenye maporomoko. Mwambie unayempiga asitikisike, na wewe egemea mti. Lakini usiitegemee mno. Jua la utosini likizidi, hata ujanja huo unashindwa, na simu za bei ndogo zinashindwa mapema zaidi.

Kuhusu rangi ya ngozi pia kuna historia. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, studio nyingi za Marekani na Ulaya zilipima rangi za picha kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Filamu na mashine zikarekebishwa ili ngozi yake itoke vizuri. Ngozi nyeusi haikufikiriwa. Wazee wetu waliotoka kwenye picha meno na macho tu, walicheka na kusema ni weusi wao. Kumbe kipimo kiliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Simu za sasa zimeboreshwa, ingawa siyo zote kwa kiasi kimoja. Ngozi nyeusi ina mng'aro wake mzuri sana ikipata mwanga laini kutoka upande. Haitaki kushindana na maji meupe yaliyo nyuma yake, basi.

CHAGUA SAA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Jambo kubwa kuliko yote ni saa, na halina gharama.

Tumezoea kusema jua la saa sita. Kwa hapa kwetu, jua halifiki juu kabisa saa 6 kamili. Saa za Tanzania zinafuata mstari ulio mashariki yetu, huko baharini mbali na mwambao, nasi tuko magharibi zaidi. Kwa hiyo huku Tukuyu jua linafika juu kabisa kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, kutegemea mwezi. Mimi niliwapanga wanafunzi wangu saa 6 na nusu, katikati ya Oktoba. Nisingeweza kuchagua vibaya zaidi! Maana katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua hapa kwetu linapita utosini kabisa. Ukisimama wima, kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Mwanga unatoka juu tu. Paji la uso linang'aa, pua inang'aa, macho yanaingia kwenye mashimo meusi. Mwenye kofia au kilemba ndiye anayepotea kabisa.

Saa ya mkono huihitaji. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko juu mno kwa picha ya watu mbele ya maji. Kikiwa kirefu kuliko wewe, piga. Mwezi Oktoba hiyo ina maana kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, au baada ya saa 9 na nusu alasiri. Mwezi Juni na Julai una nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa jua linapita upande wa kaskazini na halifiki utosini. Hata saa 4 asubuhi kivuli bado ni kirefu.

Hapo kuna faida nyingine. Poromoko linalotazama kusini, mwezi Juni na Julai, jabali lake linakaa nyuma ya jua. Maji yanakuwa kivulini hata mchana. Disemba jua likihamia kusini, poromoko hilo hilo linapigwa usoni. Linalotazama mashariki linapata jua asubuhi na kivuli alasiri. Linalotazama magharibi ni kinyume chake. Nenda na mwenyeji umwulize, "Kivuli kinaingia hapa saa ngapi?" Mchunga ng'ombe atakujibu vizuri kuliko kitabu. Saa ile maji, mawe na majani vyote vinapoingia kivulini pamoja, ndiyo saa yako. Tofauti kati ya cheupe na cheusi inapungua, na kamera inaweza kuvibeba vyote.

Na mawingu? Sisi tunayalalamikia, lakini mpiga picha anatakiwa ayashukuru. Wingu ni kama pazia jeupe mbele ya taa. Wilaya yetu ina mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, hivyo wingu si la kutafuta kwa shida. Ukifika jua likiwa kali, angalia juu. Kama kuna wingu linakuja, kaa chini, kula ndizi yako, subiri. Tazama ukingo wa kivuli chako ardhini. Ukingo ukipotea, simama upige haraka.

Ila ukiacha anga jeupe la mawingu liingie kwenye picha, nalo linaungua. Inamisha kamera kidogo, anza picha pale maji yanapoanzia kuanguka. Maporomoko hayataki anga.

ISHIKE SIMU, ISIKUSHIKE

Simu ukiiacha yenyewe inafanya wastani. Ikiona picha kubwa ni msitu wenye giza, inaongeza mwanga, na maji yaliyo katikati yanaungua. Ukikaribia mpaka picha nzima ikawa maji, inapunguza mwanga, na maji yanatoka kijivu kama ya kufulia. Lazima uiambie unataka nini.

Kwa simu za kupangusa, gusa kwa kidole mahali penye maji meupe kuliko pote. Kwenye simu nyingi itatokea alama ndogo ya jua. Iburute alama hiyo kwenda chini kidogo kidogo, huku ukitazama maji. Mwanzoni ni bonge jeupe. Ghafla utaanza kuona nyuzi za maji, kisha matone. Simama hapo hapo. Simu nyingine ukibonyeza kidole muda mrefu inashikilia kipimo hicho kisibadilike. Majani yatatoka na giza kidogo. Yaache, utayaongeza baadaye nyumbani.

Kioo cha simu hakionekani juani, nami nilidanganyika hapo. Jifunike kwa kanga au koti kichwani pamoja na simu, kama wapiga picha wa zamani wenye kamera ya miguu mitatu. Watu watacheka. Waache wacheke, wewe tazama picha yako kabla hujawaruhusu kuondoka.

Jua likipiga kwenye lenzi moja kwa moja, picha yote inakuwa na ukungu mweupe. Mwenzako aweke kofia au mwavuli ili kivuli kianguke juu ya lenzi, mwavuli wenyewe usiingie kwenye picha. Halafu kuna rasharasha. Dakika mbili tu karibu na maporomoko, lenzi imelowa. Tone moja juu ya lenzi, jua likilipiga, linaharibu kila kitu. Beba kitambaa laini cha pamba, kikavu, ndani ya mfuko wa plastiki, na ufute kabla ya kila picha. Usifute kwa shati lenye vumbi la barabarani, linakwaruza.

Mwenye miwani ya jua anaweza kujaribu kuiweka mbele ya lenzi. Miwani nyingi inapunguza mwanga tu. Lakini iko ile ambayo ukiizungusha polepole, mng'aro juu ya mawe yaliyolowa unaongezeka na kupungua. Ukiwa nayo, zungusha mpaka mng'aro upungue. Majani yatarudisha ukijani wake.

Na anayetaka upinde wa mvua, jua liwe mgongoni kwake, atazame rasharasha mbele yake kuzunguka kivuli cha kichwa chake. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ndiyo unaonekana vizuri.

WATU KWANZA, MAJI BAADAYE

Kama ningepewa siku ile tena, na bado ni saa 6 na nusu, na Bibi wa Mbele ananisubiri, ningefanya nini?

Nisingemweka mbele ya maji. Ningempeleka pembeni, chini ya mti mkubwa, mahali penye kivuli kamili. Nasema kamili kwa sababu chini ya mti wenye majani machache jua linapenya, na uso unatoka na madoa kama chui. Ningemgeuza uso utazame upande ulio wazi, unakotoka mwanga wa anga. Ningemwomba asogeze kilemba nyuma kidogo. Ningegusa uso wake kwenye kioo cha simu, siyo maji. Ningepiga picha tatu au nne. Maporomoko ningeyapiga peke yake.

Kama angesema, "Hapana mwalimu, nataka maji yaonekane," hapo ningehitaji kiroba cheupe. Usicheke. Chukua kiroba kipya cheupe, au shuka jeupe, watu wawili wakishike mbele ya anayepigwa, chini kidogo ya kifua, nje ya picha. Jua linapiga kiroba, mwanga unaruka kwenda usoni. Macho yanafunguka, mashavu yanaonekana. Mtu avae nguo zake za kawaida, lakini asiwe na kofia ya ukingo mpana. Taa ya simu nayo inaweza kusaidia, ila ni kwa mtu aliye hatua mbili tu. Zaidi ya hapo jua linaimeza.

Au ningempeleka nyuma ya maji. Kaporogwe kuna pango nyuma ya poromoko, na ukiwa ndani unatazama nje kupitia pazia la maji. Mtu akisimama kati yako na maji anatoka kivuli cheusi chenye umbo safi. Ni picha nzuri sana kwa kijana, umbo tu, mikono juu. Kwa picha ya kumbukumbu haifai, maana anayebaki nyumbani anataka uso.

Na tahadhari moja, siyo ya mwanga. Mawe yaliyolowa yanateleza, na mpiga picha anayerudi nyuma akitazama simu hajui anakokanyaga. Maji hayo yanaanguka kutoka kimo cha mita 40 hivi. Chagua mahali, kanyaga, simama, ndipo utoe simu. Ukitaka kusogea, iweke mfukoni kwanza. Watoto wasiachwe ukingoni kwa ajili ya picha hata kama ni nzuri namna gani. Ukienda upande wa Kiwira, Daraja la Mungu na Kijungu, uliza wenyeji ruhusa mapema, maana Chuo cha Magereza kiko jirani, na majengo ya namna hiyo hayapigwi picha.

Nimesema mengi juu ya simu, kwa sababu karibu kila nyumba siku hizi ina moja. Hapa Bagamoyo wapo vijana wanaowapiga picha wageni na kulipwa. Nimewaona wakiwarudisha wageni mara mbili kwa sababu picha zimeungua, na mgeni wa mara ya pili hataki kulipa. Kijana mmoja nilimwonyesha ile alama ya jua kwenye simu yake mwenyewe. Alikuwa na simu hiyo mwaka mzima hajaijua! Sasa anawaambia wageni wake waondoke Tukuyu alfajiri, na wanamsikiliza.

Darasa la mwaka huu linamaliza mwezi Oktoba tena. Wanakisomo ni 23. Tumekubaliana kwamba safari hii vyeti vitagawiwa kule kule Kaporogwe, chini ya mti, na kila mmoja atapigwa picha peke yake kabla ya picha ya pamoja. Tutaondoka Bagamoyo saa 12 kasorobo asubuhi, siyo saa 4. Wanaotaka kuja na wazee wao waje nao. Kiroba nitabeba mimi.